Sisi Huku Hatujambo

Kwa Ndugu Jumuiya ya Kimataifa,
Popote ulipo,
Kwa hisani ya Mhariri wa Taarifa ya Habari ya Jioni.

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA MIONGONI MWA WALENGWA

Ndugu Jumuiya,

Hujambo? Wa nyumbani kwako hawajambo? Sisi huku hatujambo, ila pampu ya maji ya mji wetu ilipigwa kombora, na tangu hapo tunachota maji kwenye shimo la machimbo ya kokoto, tukigombania nafasi na bata. Mkaa ukipatikana tunayachemsha. Usipopatikana tunayaombea dua. Ukiondoa hilo, ni wazima kabisa.

Mimi ni fundi redio, na ndiyo maana nakufahamu vizuri kuliko wewe unavyonifahamu. Kila redio ninayoifufua, ikishapata uhai tu, jina la kwanza kutoka ndani yake ni lako. Mama yangu, ambaye siku hizi analala nyuma ya kaunta yangu kwa sababu nyumba yake haina tena ukuta wa mbele, amekusikia mpaka amekuzoea. Kwa muda mrefu alidhani wewe ni mwanamke wa makamo, mjane, mwenye roho nyepesi. Sikumsahihisha mapema, na sasa hataki kusahihishwa.

Nakuandikia kwa heshima zote, na ombi langu ni moja: uache kutusaidia. Tumekuchosha vya kutosha. Sababu zangu nimezipa namba ili usipate taabu ya kuzifuatilia. Barua itabebwa na dereva wa lori la chumvi, ambaye askari wa pande zote mbili humruhusu kupita kwa kuwa hakuna upande unaopenda kula bila chumvi. Naiandika huku naisoma kwa sauti, na mama ananisikiliza kutoka kwenye godoro lake. Tumbo linamsumbua kidogo tangu asubuhi, lakini nikikosa adabu atanirudisha kwenye mstari.

1. Kuhusu moyo wako.

Ndugu Jumuiya, unaguswa mno. Pampu ilipopigwa, redio ilisema umesikitishwa. Baadaye ukawa na wasiwasi, kisha wasiwasi ukawa mkubwa. Ukashtushwa. Ukalaani. Ukapumzika kidogo, ukarudi ukalaani vikali. Sisi muda wote huo tulikuwa na kiu ile ile, hatukupanda wala kushuka, lakini wewe tulikuona unavyodhoofika siku hadi siku.

Mama alianza kukuhurumia. Siku uliposhtushwa mara ya pili alinyoosha mkono akaizima redio, akaniuliza, "Huyu Jumuiya hana hata ndugu wa kumtuliza?" Aliona kwamba mtu wa aina yako haambiwi habari mbaya ghafla. Anakalishwa kwanza, anapepewa, anapewa maji. Nikamkumbusha kuhusu maji. Tangu siku hiyo ukitajwa tu anashika shavu, na mimi sipendi mtu mzima ashike shavu kila jioni kwa ajili ya mgonjwa ambaye hata nyumbani kwake hatupafahamu.

2. Kuhusu mtaalamu wako wa tathmini.

Tulikuomba pampu. Ukatutumia kijana, mstaarabu kweli, amevaa kizibao chenye mifuko kila mahali, mbele, ubavuni, hadi mabegani. Mtaa mzima ukamwita Bwana Mifuko. Mke wangu aliikagua mifuko hiyo mmoja baada ya mwingine kwa macho akikisia pampu imekaa kwenye upi. Mkononi kijana alikuwa na mashine ya kioo. Anauliza swali, anagusa kioo, anaendelea. Mashine hiyo, kama alivyotueleza yeye mwenyewe kwa fahari, hupokea neno moja tu kwa kila jibu, ili kurahisisha kazi.

Akaanza na mama kwa kuwa ndiye mkubwa wetu. Akamwuliza hali yake, kwa Kiswahili kizuri cha darasani. Mama akasema nzuri. Akamwuliza habari za chakula. Mama akasema nzuri, ila hakuna. Habari za maji? Nzuri, ila tunakunywa na bata. Habari za usalama? Salama, ila wanapiga kila siku. Mtu yeyote aliyelelewa na watu anajua kwamba hapo mama alikuwa bado hajaanza kujibu. Mgeni hamwagiwi shida kabla hajavuta kiti. Huku kwetu neno la kwanza ni la adabu, na shida huanzia kwenye ila. Siku tulipomzika baba, mama aliulizwa habari za asubuhi kando ya kaburi, akajibu hatujambo, machozi yakimwagika hadi kwenye kanga. Hakuna hata mmoja aliyedhani amefurahi. Lakini mashine ya Bwana Mifuko ilikuwa inajaa kwenye neno la kwanza, na ila zote za mama zilibaki sakafuni.

Mwisho kabisa alimwomba aseme, kuanzia moja hadi tano, ana kiu kiasi gani. Mama alifikiri. Tano aliiona ni ulafi. Nne ilikuwa kama kumtia mgeni aibu. Akasema mbili, ili na wengine wapate.

Ripoti ilisomwa hewani nikiwa nimeishika redio yenyewe, bisibisi mkononi. Wakazi wa mji wetu wameeleza kwamba hali ni nzuri, chakula ni kizuri, maji ni mazuri, na kiu iko chini ya wastani. Jirani yangu, fundi viatu, alicheka mpaka akakohoa, kisha akatoka nje akakaa peke yake kwenye ngazi. Pampu ikaenda kwingine. Hilo silalamikii, huko nako kuna watu. Ninacholalamikia ni kwamba mama anajilaumu mpaka leo, na kila mara ananiuliza kama angesema tatu ingetosha.

3. Kuhusu waangalizi.

Redio iliposema unatuletea waangalizi, mama alipata nguvu. Katika Kiswahili chake na changu, mwangalizi ni yule anayekaa na mgonjwa, anayebaki na watoto mama yao akienda sokoni, anayelinda nyumba wenyewe wakisafiri. Akafagia mbele ya duka. Akamtuma mke wangu akaazime viti.

Walikuja kwa magari meupe, wakapanda juu ya paa la benki iliyofungwa, wakaangalia. Ukuta wa mama ulipoanguka, waliangalia. Mkunga wetu alipovuka barabara kwa magoti kwenda kumzalisha mtu, waliangalia, na mmoja wao alivua kofia. Namshukuru kwa hilo. Nilikwenda nikasimama chini ya paa, nikawaomba kwa adabu wateremke wazungumze na wapiganaji, wasipige upande wa shimo la maji asubuhi wanawake wanapochota. Mkuu wao alinijibu vizuri tu, bila dharau, kwamba hawakupewa ruhusa ya kuteremka, lakini wataandika kwamba nimeuliza. Nikamwona anaandika kweli. Watu wanaoangalia kiasi hicho lazima macho yawaume, kwa hiyo naomba uwarudishe kwao wakapumzike.

4. Hoja ya nne nimeifuta.

Mama amesema si adabu kumwuliza mgeni anafanya biashara gani kwao. Kwa hiyo sitauliza kwa nini maandishi ya kwenye masanduku ya risasi na maandishi ya kwenye maturubai uliyotuletea ya kuzibia matundu ni ya lugha moja, herufi moja, na rangi ile ile ya buluu. Fundi viatu anasema duka ni moja, upande huu linauza tundu, upande ule kiraka. Huyo ni fundi viatu. Mimi nimeifuta.

5. Kuhusu neno walengwa.

Hapa, Ndugu Jumuiya, nitaomba univumilie maana ndipo penye kidonda. Siku chache kabla ya gari lako la kipaza sauti kufika, wapiganaji walipita mtaani kwetu na gari lao la kipaza sauti wakitangaza kwamba wenye nyumba za mabati mapya wote wamelengwa. Wakaondoka. Tukakaa tunatazamana na mabati yetu. Halafu likaja gari jingine, nalo lina kipaza sauti, likaita kwa sauti tamu ya kike: walengwa wote watoke nje na familia zao, kila mlengwa asimame mbele ya nyumba yake, mlengwa asijifiche.

Mtaa ulifungwa kufumba na kufumbua. Sisi tuliiburuta kaunta tukaikandamiza mlangoni. Mama akanisukuma chini ya meza ya kazi, mimi mwenye mvi, akanifunika kwa magunia, kisha akakaa juu ya magunia hayo na kusema mtu akiingia atamwambia mwanawe amesafiri. Gari likapita polepole likituita kwa upole, walengwa, walengwa, na aliyejitokeza ni mbuzi wa jirani peke yake. Likageuza, likapita tena, likaondoka.

Baadaye mwalimu wa shule, anayesoma magazeti, alitufafanulia kwamba katika lugha ya misaada mlengwa ni mtu anayepewa kitu. Tulimwomba arudie. Ndugu Jumuiya, kulenga tunakufahamu. Mtoto hulenga ndege kwa manati. Askari hulenga. Sijawahi kumwona mtu akilengwa kwa unga. Taarifa ya jioni ilisema mzigo wa unga, sabuni na vidonge vya kusafishia maji umerudishwa ghalani kwa kuwa walengwa hawakujitokeza. Unga nimeshausahau, lakini vile vidonge vya maji vinaniuma mpaka leo. Vilipita mbele ya mlango wangu wa kijani mara mbili, na mimi niko chini ya meza.

6. Kuhusu kusahauliwa.

Ilitangazwa kwamba tumeshika nafasi ya tatu kati ya majanga yaliyosahauliwa duniani. Fundi viatu akataka kujua nani wa kwanza, lakini mtangazaji hakuwataja. Mke wangu hakufurahia nafasi ya tatu. Anasema kama ni kusahauliwa, basi tusahauliwe kwa ukamilifu, siyo kufanyiwa nusu nusu.

Kwa ajili yetu uliitisha mkutano katika hoteli moja kando ya ziwa, na tuliusikiliza wote humu dukani. Hotuba zilikuwa nzuri. Mwenyekiti akawaomba wajumbe wasimame kimya kwa dakika moja. Nasi tukasimama, tukainamisha vichwa, kwa heshima, maana hatukujua ni nani aliyekufa. Katika ukimya huo nikasikia maji yakimiminwa kwenye glasi, karibu kabisa na kipaza sauti. Masikio yangu ndiyo yanayonilisha, hayakosei kitu kama hicho. Wote humu ndani waliyasikia. Watoto waliisogelea redio. Hakuna aliyetikisika mpaka glasi ikajaa, na hapo ndipo nilipojua kwamba sitaki tena kuisikia taarifa ya habari mbele ya watoto.

Mama hajanisahihisha hoja hii. Nadhani amepitiwa na usingizi.

7. Kuhusu haki yako ya kupumzika, na mpango wetu mpya.

Nisiwe mwongo. Pampu hukuivunja wewe. Ilivunjwa na vijana tuliowalea wenyewe, wa upande huu na wa upande ule, na makamanda wao wawili ni mashemeji waliokosana. Mmoja aliwahi kuniletea redio, akanisalimia vizuri, akakaa kwenye kiti alichokalia Bwana Mifuko. Hata kuitengeneza pampu tumeshindwa wenyewe. Watu walisema fundi ni fundi, wakanipeleka. Niliifungua kwa heshima na kuifunga kwa heshima zaidi. Tena najua ukija kwa nguvu tunasema umetuingilia, usipokuja tunasema umetutupa, ukija na mguu mmoja ndani mmoja nje unaandikiwa barua kama hii. Kutupenda ni kazi ngumu, nakiri.

Kwa sababu hiyo tumeamua kukupunguzia mzigo. Mimi, mke wangu, mkunga, mwalimu na fundi viatu tumekutana humu dukani tukaunda Jumuiya ya Kimataifa ya kwetu. Mwalimu alipinga, akasema kimataifa maana yake mataifa zaidi ya moja. Tukamkumbusha kwamba babu wa fundi viatu alitoka ng'ambo ya mpaka, naye mwalimu akaridhika.

Kikao cha kwanza kimeazimia kuingilia kati huko kwako. Redio imetueleza kwamba kwenu wako wazee wanaoishi peke yao juu kabisa kwenye majengo marefu, wakafa, na jirani akajua kwa harufu. Tumeguswa. Tumeshtushwa. Fundi viatu alitaka tulaani vikali, mkunga akasema kwa sasa tulaani tu, tubakishe nafasi ya kupanda. Tutamtuma mtaalamu wa tathmini awaulize wazee hao upweke wao ni wa ngapi kati ya tano. Tutatuma waangalizi wakae kwenye paa la jengo linalotazamana nao. Mke wangu aliuliza kama isingekuwa rahisi mtu agonge tu mlango aingie. Tumelipokea wazo lake kwa mikono miwili na kulipangia mkutano wake, utakaofanyika hali ikiruhusu.

Kwa malipo ya huduma hii hatudai kitu. Tunachoomba ni kwamba ututoe kwenye walengwa, uwape wengine pampu yetu, na ulale usingizi. Tumekufungulia mlango uondoke, na hakuna atakayekusema.

Nakutakia utulivu wa moyo. Nisalimie wote: wale wa juu ya paa na wakubwa wao, dada mwenye kipaza sauti, mwenyekiti na wajumbe waliotusimamia kimya, na yule aliyemimina maji. Mwambie Bwana Mifuko kwamba mama anauliza kama alifika salama. Mke wangu anakusalimu, mkunga anakusalimu, fundi viatu anasema utajua salamu zake. Mama atakusalimu mwenyewe, ngoja nimwamshe.

Wako katika ujirani wa mbali,

Fundi Redio,
Duka lenye mlango wa kijani, mtaa wa nyuma ya benki.

Nyongeza:

Ndugu Jumuiya, dereva wa chumvi ameshawasha injini na anapiga honi. Mwandiko uniwie radhi.

Mama hakuwa amelala. Nilimtikisa bega, mkono ukaanguka. Mkunga amekuja, ameibana ngozi ya mkono wake na kuiachia, nayo imebaki imesimama, hairudi. Anasema ni yale maji ya shimoni. Anasema watoto wa nyumba ya pili wameanza hivyo hivyo leo. Mama anatakiwa anywe, anywe sana, maji safi yenye chumvi na sukari. Chumvi ninayo, lori zima liko hapa nje. Maji safi sina.

Futa hoja ya kwanza mpaka ya saba. Hata ile niliyoifuta, ifute tena. Wasiwasi wako uendelee nao, tutauzoea. Leta magari meupe, pandeni paa lolote mnalotaka, hata la kwangu. Mlete Bwana Mifuko hata kama mifuko ni mitupu. Kusanyikeni hotelini, mtusimamie kimya, lakini mtu mmoja atoke na hiyo chupa ya maji. Vile vidonge kama bado viko ghalani, vilete. Ukipita unaita walengwa tutatoka wote, na asiyeweza kutoka tutambeba. Kaunta nimeiondoa mlangoni. Mlango uko wazi na hautafungwa.

Kabla sijakunja karatasi hii nimeinama nikamsalimia, kama alivyonifundisha yeye mwenyewe kabla sijajua kuongea vizuri. Nikasema, "Mama, hujambo?" Nilikuwa nalijua jibu lake. Ni jibu alilolitoa hata kaburini.

Amechelewa kujibu. Kisha amesema, "Mwanangu, nina jambo."

Mashine yako inapokea neno moja. Andika jambo. Safari hii hakuna ila.